Uhuru Afrika inastahili rafu ya juu

Kwa karibu mwaka mzima nilimsikiliza Tuntemeke Sanga akizungumza kama mtu aliyeamshwa usingizini kwa nguvu. Sauti yake ndiyo inayofungua Uhuru Afrika, santuri ya mpiga piano Randy Weston, na mashine niliyoipigia nilikuwa nimeletewa kutoka Marekani na ndugu yetu aliyekuwa anarudi nyumbani, pamoja na transfoma ya kushusha umeme. Santuri nyingine chache nilizokuwa nazo zilikuwa za ala tupu. Kwa masikio yangu ya wakati ule jazz ndivyo ilivyokuwa: muziki mzito, wa polepole, wenye besi iliyozama chini kabisa. Sikuwa na cha kulinganisha nacho. Lakini Sanga alikuwa Mtanganyika anayesema Kiswahili, na hakuna Mtanganyika anayelivuta neno "uhuru" namna ile, kama gunia la mkaa linaloburutwa sakafuni.

Nikaibeba mashine hadi kwa fundi redio mmoja Kariakoo. Mzee aliigeuza chini juu, akasoma kibati cha nyuma, akanirudishia. "Mwanangu, transfoma inashusha volti tu. Umeme wa Wamarekani unapiga mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50. Mota hii inafuata mapigo ya umeme, kwa hiyo hapa kwetu inatembea pole." Hesabu yake ni rahisi. Santuri inayotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika ilikuwa inazunguka chini kidogo ya mara 28, na kila noti ilikuwa imeshuka kwa nusu toni 3. Mzee akakereza puli ya shaba, nene kuliko ile ya kiwandani, akaifunga kwenye mota. Jioni ile nilishusha sindano, na Sanga akazungumza kama jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

Nimekusanya santuri za jazz tangu wakati huo, miaka inayokaribia 40, nikipigana na ukungu wa pwani unaokula majalada, na somo la jioni ile sijaliacha. Kiswahili changu kilinionyesha kosa ambalo saksafoni na tarumbeta zilikuwa zimenificha. Ndiyo maana naamini kwamba katika kundi fulani la santuri za jazz, zile zilizobeba Kiswahili kwa namna moja au nyingine, sisi tunaokitumia tuna haki ya kutoa hukumu, na hukumu yetu ina uzito ambao wachambuzi wa New York na London hawanao. Yangu ni hii: Uhuru Afrika inatakiwa kukaa rafu moja na Kind of Blue ya Miles Davis na A Love Supreme ya John Coltrane. Kuiacha nje ya orodha za santuri kuu, kama inavyofanyika mwaka baada ya mwaka, ni kosa la masikio.

Ilirekodiwa New York Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, ikatolewa na kampuni ya Roulette. Weston, mzaliwa wa Brooklyn, alitaka kazi moja ndefu yenye sehemu 4 ya kuusherehekea mwaka huo, na alitaka ianze kwa lugha ya Kiafrika. Maneno aliyaandika mshairi Langston Hughes. Sanga ndiye aliyeyatoa kwa Kiswahili. Hapo pana jambo ambalo hunishika kila mara ninapoipiga. Novemba ile Tanganyika ilikuwa na serikali yake ya ndani kwa miezi michache tu, na bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea Dar es Salaam. Ilishuka Desemba 1961. Mtu anayetangaza uhuru mwanzoni mwa santuri hii bado alikuwa hajaupata. Sikiliza sauti yake ukilijua hilo. Hakuna shangwe ya mkutano wa hadhara ndani yake. Anasema taratibu, kwa mkazo, kama anayesoma hati mbele ya mashahidi.

Nyuma yake kuna ngoma. Na ngoma gani! Weston aliwaweka pamoja Babatunde Olatunji kutoka Nigeria, Candido na Armando Peraza kutoka Cuba, na wapiga dramu wa New York wakiongozwa na Max Roach. Kwenye mabomba, yaani ala za kupuliza, wamo Clark Terry, Freddie Hubbard, Yusef Lateef, Slide Hampton, Sahib Shihab, Cecil Payne. Besi ziko mbili, George Duvivier na Ron Carter. Kundi kubwa namna hii likikosa mkono wa kuliongoza huwa kelele za sokoni. Mkono huo ulikuwa wa mwanamke, Melba Liston, mpiga tromboni mzaliwa wa Kansas City, aliyeandika sehemu ya kila ala.

Liston ndiye sababu kubwa ya mimi kuipandisha santuri hii juu hivyo. Wapangaji wengi wa bendi kubwa za enzi ile waliandika kwa matabaka: tarumbeta juu, saksafoni katikati, tromboni chini, kila tabaka likisubiri zamu yake. Liston anayachanganya. Katika sehemu ya tatu, iitwayo "Bantu", filimbi inatembea na tromboni, saksafoni nzito ya Payne inashika kazi ambayo mwingine angeipa besi, na ngoma hazifunikwi hata mara moja. Mpangaji mwoga huzificha ngoma nyuma ya mabomba akiogopa zitavuruga mpangilio. Liston ameandika mabomba yakizijibu ngoma, kiitikio na kiongozi, kama wanavyoimba watu wanaotwanga kinu kimoja. Weston alifanya naye kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na urafiki wao wa kazi ulidumu miongo, lakini hata wakusanyaji wazoefu ninaokutana nao huniuliza Melba Liston ni nani. Inaniuma.

Serikali ya makaburu ilimsikia vizuri kuliko hao. Mwaka 1964 Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hii.

Sasa nizungumzie rafu yenyewe. Kind of Blue siipunguzii chochote. Vikao viwili vya mwaka 1959, Machi na Aprili, viliipa dunia santuri ambayo ukimpa mtu asiyejua jazz kabisa, anabaki. Miles aliwapa wenzake michoro ya wimbo tu, akawaacha wajenge humo, na Bill Evans akapiga piano kama mtu anayetembea pekupeku ndani ya nyumba iliyolala. Mkusanyaji ana cha kuongeza hapa, kwa kuwa yule fundi wa Kariakoo angekielewa mara moja. Kwa miaka zaidi ya 30 nyimbo 3 za upande wa kwanza zilikuwa zinauzwa duniani kote zikiwa na mwendo usio sahihi. Mashine ya kurekodia siku ile ya Machi ilikuwa inakwenda pole kidogo, hivyo kanda ilipopigwa kwenye mashine nzima, muziki ulitoka juu kuliko ulivyopigwa. Kosa lilirekebishwa 1992. Wapiga ala waliojaribu kufuatisha nyumbani walijua kuna jambo, maana ala zao zilikataa kukubaliana na santuri. Wengine wote, nikiwemo mimi, tuliisifu bila kushuku.

A Love Supreme ndiyo ninayoigusa kwa heshima zaidi. Desemba 1964, kikao kimoja, watu wanne. Sehemu ya mwisho, "Psalm", Coltrane anaisoma sala yake kwa saksafoni, silabi kwa silabi, na maneno ya sala hiyo yamechapwa ndani ya jalada. Sisi tuliokulia kwenye nyumba ambamo tenzi zilighaniwa hatuhitaji mwalimu wa kutueleza kinachotokea pale. Kituo kiko mahali pa kituo, pumzi iko mahali pa pumzi. Mara ya kwanza nilipoifuata kwa kidole kwenye maneno yaliyochapwa nilisimamisha mashine katikati, kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka.

Santuri inayowekwa daima mbele ya Uhuru Afrika mazungumzo yakifika kwenye Afrika ni Africa/Brass, ya Coltrane huyo huyo, iliyorekodiwa Mei na Juni 1961, nusu mwaka baada ya Weston. Wimbo "Africa" una dakika 16, besi mbili, na mabomba yanayolia kama wanyama wa porini. Coltrane akianza kupuliza, hakuna mtu kwenye santuri ya Weston anayemfikia. Hilo nalikubali bila kuvutana. Ila nikiuliza ni ipi iliyotungwa vizuri zaidi, jibu langu halijabadilika. Afrika ya Coltrane ni msitu anaouota mtu wa mbali. Ya Weston ina watu ndani yake, ina mwanamke anayeimbiwa na Martha Flowers na Brock Peters, ina mkutano wa kisiasa, na ina dansi.

Wapo waliolaumu uchaguzi wa Kiswahili. Hoja yao ni kwamba mababu wa Wamarekani Weusi walio wengi walichukuliwa Afrika Magharibi, kwa hiyo lugha ya Zanzibar na Tanganyika haiwahusu, afadhali wangechukua Kiyoruba au Kiwolof. Kama jambo lenyewe lingekuwa kutafuta kaburi la babu, wangekuwa na haki. Weston alikuwa anatafuta lugha isiyo ya kabila moja, inayovuka mipaka, na mwaka 1960 Kiswahili kilikuwa lugha ya mikutano ya TANU, watu wa makabila zaidi ya 100 wakiitumia kudai nchi yao bila damu. Alichagua kwa kutazama mbele. Tunaokisema lazima tulione hilo kabla ya wengine, maana wengi wetu pia hatukuzaliwa nacho. Tulikutana nacho shuleni, jeshini, sokoni, tukakifanya chetu.

Wengine walitutazama bila kuitumia lugha yetu. Februari 1964 mpuliza tarumbeta Lee Morgan aliingia studio ya Rudy Van Gelder kule Englewood Cliffs, New Jersey, miezi miwili tu tangu Kenya ipate uhuru wake, akarekodi kibao alichokiita "Mr. Kenyatta". (Van Gelder alikuwa mpima macho kwa taaluma, na kazi zake za kwanza alizirekodi sebuleni kwa wazazi wake. Ukigeuza santuri kwenye mwanga utaona herufi RVG zimechongwa karibu na lebo. Mkusanyaji huzitafuta hizo kabla ya kuuliza bei.) Kibao hiki hakina neno la Kiswahili wala ngoma ya Kikikuyu, na sioni ubaya wowote. Morgan alikuwa na umri wa miaka 25, na anapuliza tarumbeta kama kijana aliyesikia habari njema akashindwa kukaa chini. Grant Green yupo na gitaa safi, noti moja moja, na Wayne Shorter yupo na saksafoni yake ya kukunja uso. Kampuni ya Blue Note ilikifungia kibao hicho kabatini hadi 1966, maana The Sidewinder ya Morgan huyo huyo ilikuwa imetoka na kuuzika kupita matarajio, wakataka zaidi ya aina ile. Kwangu Search for the New Land, santuri iliyobeba "Mr. Kenyatta", ni kubwa kuliko The Sidewinder kwa mbali, na sijawahi kushindwa mjadala huo nikiwa na mashine karibu.

Kisha tunafika kwa watu waliojiita kwa lugha yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kijana mpiga ngoma kutoka familia ya akina Heath wa Philadelphia, James Mtume, alikuwa mfuasi wa Maulana Karenga, yule aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa, na alikuja na majina ya Kiswahili akiwagawia wanamuziki. Mpiga piano Herbie Hancock akawa Mwandishi. Bendi yake nzima ikafuata, na santuri yao iliyorekodiwa San Francisco siku ya mwisho ya mwaka 1970 ikabeba jina hilo hilo.

Nimeyatafakari majina hayo miaka mingi, moja baada ya jingine, nikisikiliza kama yanawakaa wenyewe. Billy Hart, mpiga dramu, aliitwa Jabali. Hakuna jina bora la mpiga dramu. Msikilize kwenye "Ostinato", kibao kilichotolewa kwa Angela Davis ambaye wakati ule alikuwa mahabusu: mzunguko una mapigo 15, wa kumpoteza yeyote anayehesabu kwa vidole, na Jabali haondoki mahali pake. Eddie Henderson, mpuliza tarumbeta, aliitwa Mganga, na kweli alikuwa daktari aliyesomea Chuo Kikuu cha Howard. Nchini kwetu ambako hospitali ya mkoa ina mganga mkuu, jina limekaa barabara. Leon Chancler aliitwa Ndugu, na huyu alilibeba jina hadi kufa kwake mwaka 2018. Dunia nzima imemsikia bila kumjua, kwa kuwa ndiye aliyepiga dramu kwenye "Billie Jean" ya Michael Jackson. Bennie Maupin aliitwa Mwile, kwa tahajia ambayo sisi tungeandika Mwili. Klarineti yake ya besi ndiyo sauti ninayoipenda kuliko zote kwenye santuri ile, sauti ya kisima usiku.

Mawili yananipa shida. Julian Priester, mpiga tromboni, aliitwa Pepo Mtoto, wakikusudia roho changa, isiyo na uchafu. Kwetu pepo anapanda kichwani, na anapungwa kwa ngoma na ubani. Najua hawakukusudia hivyo, lakini nikimsikia Priester kwenye "Wandering Spirit Song", kibao alichokitunga mwenyewe na kinachoanza kama usingizi na kuishia kwenye vurugu ya mabomba, naona jina lilimwelewa kuliko waliompa. Buster Williams wa besi aliitwa Mchezaji. Kiswahili hakichezi ala. Gitaa hupigwa, tarumbeta hupulizwa, zeze hupigwa. Anayecheza ni mwenye miguu, uwanjani au kwenye dansi. Williams angeitwa Mpigaji, na angestahili, kwa sababu bila vidole vyake bendi ile ingeelea kama tiara iliyokatika uzi.

Kimuziki, Mwandishi ni santuri kubwa, na Crossings iliyofuata 1972 ni kubwa zaidi. Lakini Kiswahili kinaishia kwenye majina. Ukiyaondoa, hakuna noti itakayobadilika, na ndiyo maana nimeiweka chini ya Uhuru Afrika. Hancock aliivunja bendi hiyo mwaka 1973 kwa kuwa ilikuwa inamla fedha, akatoa Head Hunters, akauza sana. Simlaumu. Watu saba na mitambo yao hawalishwi kwa sifa za wachambuzi.

Santuri iitwayo Kawaida, ya Albert Heath, ami yake Mtume, iliyorekodiwa mwishoni mwa 1969 na ikiwa na Hancock na Don Cherry, naipenda kwa uchangamfu wake ingawa inakwenda ovyo ovyo. Santuri iitwayo Asante, ya mpiga piano McCoy Tyner, ina "Malika", wimbo wa kupanda polepole unaofaa alfajiri, na mimi huupiga alfajiri.

Nirudi kwenye neno kucheza. Sehemu ya nne na ya mwisho ya Uhuru Afrika inaitwa "Kucheza Blues". Mwanzoni nililiona kosa lile lile la Mchezaji, nikidhani Weston alitaka kusema kupiga blues. Nilikuwa nimekosea mimi. Weston aliitunga kwa ajili ya siku ambayo Afrika yote itakuwa huru na watu watasherehekea, kwa hiyo ni kucheza kwelikweli, kwa miguu. Sisi tuna historia na jambo hilo. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Nuta Jazz: kwa wazee wetu neno jazz lilikuwa na maana ya bendi ya dansi, na mtu alinunua tiketi ili atoke jasho. Wamarekani, kufikia 1960, walikuwa wameanza kuikaa jazz vitini na kuitikisia vichwa. Weston na Liston wanaifunga kazi yao nzito kuliko zote kwa kuwainua watu. Mwanzo ni blues ya kawaida, piano ikigonga chini chini. Halafu tarumbeta zinaingia kwa zamu, Olatunji, Candido na Peraza wanaanza kuulizana na kujibizana, na dramu za Roach zinakuja kuwakuta.

Wageni wangu wakisema jazz haiwaingii huwa sibishani nao. Nageuza sahani upande wa pili, nashusha sindano karibu na mwisho, nasogeza meza ya kahawa ukutani.